Daudi alilia kwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa wangu.

Jumatano iliyopita binti mmoja ninaeshona nae hapa ndani alipokea simu ya kaka yake, akatoka nje kuongea, akarudi akakaa kwenye cherehani yake akaweka mguu kwenye pedeli kama mtu anaetaka kuendelea na kazi, alafu akalaza kichwa juu ya hema la mteja akaanza kulia. Matokeo yametoka. Hii ni mara ya pili anarisiti, yani anarudia mtihani wa form four, na fizikia imekataa tena, na huyu mtoto tangu nimemjua ndoto yake ni moja tu, unesi, ana daftari ameandika majina ya mifupa ya mwili anayasoma wakati anasubiri pasi ipate moto, na tukiomba asubuhi ombi lake ni hilo hilo kila siku.

Alikuepo mama mmoja wa heshima zake amekuja kuchukua begi, akamwambia nyamaza mwanangu, mtoto wa Mungu halii hivyo, ukilia unampa shetani nafasi. Nikamwambia mama naomba umwache alie. Sikusema kwa ubaya ila nilimaanisha, na yule mama aliniangalia kama nimekufuru. Nikamfungia begi lake nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikavuta kiti pembeni ya binti nikaendelea kufumua zipu niliyokua naifumua. Sikusema kitu. Ilikua kama nusu saa hivi.

Tangu siku hiyo nawaza kwanini nilijibu vile, nikaona niandike tu, manake najua wapo wengi wanapita kwenye jambo na wameshaambiwa wasilie.

Kwa ambao hamnijui, mimi ni fundi lakini sio wa magauni. Nashona vitu vya mlima, huu wetu wa Kilimanjaro. Mahema, mabegi, slipingi begi, geta za kuzuia vumbi lisiingie kwenye viatu, na kuliko vyote zipu. Ukiishi Moshi unajua kampani za kupandisha watalii ni nyingi na vifaa vyao vinachoka haraka, kwasababu lile vumbi la mlimani ni kama msasa, linaingia ndani ya kichwa cha zipu linakila kidogo kidogo mpaka siku moja unavuta, kichwa kinapita vizuri tu ila nyuma yake meno hayashikani. Watu wanadhani zipu imekufa wanataka kutupa hema zima. Mara nyingi meno ni mazima kabisa, kilichoisha ni kichwa. Unachukua koleo unakibana pande mbili, taratibu sana, ukizidisha kinapasuka, na meno yanashikana tena. Hiyo ni dawa ya safari moja au mbili, baada ya hapo lazima ufumue mwisho wa zipu ukitoe uingize kipya.

Haya yote nimejifunza kwa baba. Baba alikua mgumu, yani mpagazi, huku kwetu wapagazi wa mlima tunawaita wagumu na wanastahili jina. Alibeba miaka mingi, kabla hata mizigo haijaanza kupimwa kwenye mizani getini na kuwekewa kikomo cha kilo 20. Akishuka anakuja na begi limechanika anakaa uani na sindano ya mkono, mimi namshikia kitambaa. Aliniambia kitu sijakisahau, kwamba kule Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kileleni, mita 4,673, upepo wa usiku ukianza na zipu ya hema imekataa kufunga, mgeni halali, na mtu asielala hawezi kupanda kileleni hata awe na kifua cha namna gani. Anageuzwa hapo. Pesa yote aliyotumia na miaka aliyojiandaa inaishia kwenye kichwa cha zipu.

Basi ndoto yangu ikawa hiyo. Karakana ya kweli, yenye mashine kubwa, tushone mahema yetu wenyewe hapa hapa Moshi badala ya kurekebisha yaliyochoka ya watu. Niliiomba kwa Mungu kwa maneno hayo hayo. Na picha yake ilikua kamili kichwani, fremu ya barabarani kwenye lami, kioo kikubwa mbele, kibao juu kimeandikwa jina.

Nilianza 2014 na cherehani ya miguu ya kuazima. 2017 nikapata oda yangu ya kwanza kubwa, kampani moja ikaleta slipingi begi arobaini, nikazifanya miezi miwili na sikulipwa. Sitaki kuelezea sana, walinizungusha mpaka nikachoka, nikasamehe, yameisha.

Kilichonivunja ni 2020. Januari ya mwaka ule nilikopa kwenye kikoba chetu milioni mbili na laki nne nikanunua mashine ya umeme iliyotumika, ile nzito inayopita kwenye turubai na mikanda ya begi bila kuruka nyuzi. Usiku wa kwanza niliwekea mikono ile mashine nikaiombea, nikamshukuru Mungu kwa machozi, nikajua huu ndo mwaka wangu, watalii wa Juni mpaka Oktoba wakishuka tu deni lote limeisha. Tarehe 16 Machi akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania, na alikua hapa kwa jirani zetu Arusha. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Katikati ya Mei zikaruhusiwa tena lakini wageni ndo hakuna, na mji wetu mnaujua, mlima ukisimama kila kitu kinasimama, kuanzia mgumu mwenyewe mpaka mama anaeuza nyanya Mbuyuni mpaka mwenye nyumba anaesubiri kodi. Wanaume wazima walikua wanakaa kijiweni asubuhi mpaka jioni wanaangalia kilele cha Kibo.

Nikashona barakoa. Kitenge, lastiki, elfu moja moja, nilishona mpaka kidole cha shahada kikaota sugu, wiki za mwanzo zikatoka baadae kila fundi akawa anashona. Marejesho ya kikoba hayasubiri korona iishe. Na hapo ndo nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka kifua kinabana. Kuna huduma moja nilikua nafuatilia maombi yao, wakawa wanafundisha kwamba ukiwa kwenye deni panda mbegu, toa ile inayouma, Mungu atafungua. Mkononi nilikua na laki tatu ya marejesho. Nikaituma yote kwa simu. Niliituma nikiwa nimepiga magoti wapendwa, kwa imani kabisa, sikua natania. Mwezi ukaisha sina marejesho na sina jibu, nikapiga simu kuomba hata ushauri, nikaambiwa nijichunguze kama kuna dhambi ya siri au mashaka moyoni.

Agosti nikaiuza mashine. Aliyeinunua alikuja na kirikuu, wakaifunga kamba nyuma, nikawasaidia kuinyanyua kwasababu walikua wawili tu na ile kitu ni nzito, alafu nikarudi ndani nikafagia pale ilipokua imekaa. Palikua na vipande vya uzi wa rangi ya chungwa.

Kutoa natoa, fungu la kumi natoa mpaka leo na nafurahia. Lakini hili nalisema wazi, mtu aliyeanguka usimwongezee mzigo wa kujiuliza kama imani yake ndo mbovu. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima najichunguza. Uzi ukikatika najichunguza. Mteja akichelewa kulipa najichunguza, nimekosea wapi, nimeshuku nini. Nikawa naogopa hata kuomba, naona nikifungua mdomo ntasema kitu kibaya mbele za Mungu. Kuna Wakristo wanaishi hivo miaka na miaka, tunakaa nao benchi moja kanisani na hatujui.

Watalii walivyorudi nami nikainuka. 2022 nikapanga fremu ndogo nyuma ya Mbuyuni, haina kioo lakini ina mlango wa chuma, nikawa na vyerehani viwili. Septemba nimetoka kwenye maombi ya alfajiri usharikani, saa moja kasoro, nafika nakuta kufuli limekatwa. Vyerehani vyote viwili vimeenda. Mahema kumi na moja ya wateja watatu tofauti, yameenda. Hata lile koleo la baba lililokua linaning'inia kwenye msumari. Nilikua nimetoka kuomba, hata harufu ya kanisa ilikua bado iko kwenye kitenge.

Nikakaa kwenye kizingiti. Pembeni kuna mama anapika chapati, akaja akaangalia ndani, akasema "Mae!", alafu akaacha jiko lake na chapati ikiwa kwenye kikaango akaja kukaa na mimi pale chini. Hakuniombea wala hakuniambia Mungu ana makusudi. Alikaa tu, bega lake limegusa bega langu, mpaka nikasikia chapati inaungua nikamwambia mama chapati yako, akasema iache. Mungu ambariki yule mama popote alipo.

Mchana mzee mmoja wa kanisa akanipigia, nia yake ilikua njema najua, akasema dada usilie, kulia ni dalili ya imani ndogo. Jioni mwenye mahema sita akanipigia akasema asubuhi anaenda polisi nikakae ndani mpaka yapatikane. Wote wawili nilisema ndio, asante, nimesikia. Siku ya pili nikapanda gari nikaenda kwa baba Uru.

Nilimkuta amekaa chini ya migomba na redio yake. Shikamoo baba. Marahaba mama, mbona saa hizi? Nikamwambia yote. Hakusema kitu, akaniagiza niingie jikoni nikale mtori uliobaki. Usiku akasema nisomee, macho yake yalishaanza kukataa herufi ndogo, na yeye Biblia anaifuata kwa mpangilio, kila siku sura yake, siku hiyo alikua amefika 1 Samweli 30. Sikuichagua mimi.

Mnaijua hiyo sura? Daudi na watu wake mia sita wanarudi Siklagi siku ya tatu, wanakuta mji umechomwa moto, wake zao na watoto wao wamechukuliwa. Na Biblia inasema wakapaza sauti wakalia mpaka hawakua na nguvu za kulia tena. Nikasimama hapo hapo. Baba akasema mbona umenyamaza. Mimi nilikua nimesoma hii habari tangu Sunday school na sikuwahi kuona kwamba Daudi, aliyemuua Goliathi, aliyepakwa mafuta tayari, aliyeahidiwa ufalme, alilia mpaka akaishiwa nguvu za kulia. Na hakuna mstari unaosema Mungu alimkasirikia. Mstari wa sita watu wake wanataka kumpiga mawe, nikamkumbuka yule wa mahema sita. Alafu mstari huo huo unasema Daudi akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Baada ya kulia. Kulia kumetangulia, ndo nguvu zikaja, na zimekaa kwenye sura moja wala hazijagombana.

Na kitu kingine, hakuondoka hapo hapo kwa hasira. Alimwita kuhani akauliza kwanza, nifuate? Nitawapata? Akaambiwa fuata.

Sasa tukaendelea. Wanafika kijito cha Besori, watu mia mbili wamechoka hawawezi hata kuvuka, wanabaki pale na vyombo, mia nne wanaendelea. Wanawapata adui, wanarudisha kila kitu, hakuna kilichopotea. Wakati wa kurudi baadhi ya wale walioenda vitani wanasema hawa waliobaki tusiwape kitu zaidi ya wake zao na watoto wao. Daudi anakataa. Anasema fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vyombo ni sawasawa, na akaifanya kuwa sheria Israeli.

Baba akasema rudia hapo.

Nikarudia.

Akasema hao ni wagumu.

Nikamuuliza kivipi baba, akanyamaza kidogo alafu akaniambia kitu ambacho mimi mtoto wake, niliyekula na kusoma kwa pesa ya mlima, nilikua sijui. Baba hajawahi kufika Uhuru, yani kileleni kabisa. Hata mara moja. Miaka yote ile. Kwasababu usiku wa kileleni wanaotoka Barafu ni wageni na waongozaji wao, wagumu wanabaki kambini, wanalinda vyombo, wanachemsha maji, wanasubiri taa zishuke. Yeye ameishia mita 4,673 na kileleni ni 5,895. Akasema "Mama, mimi nimekaa na vyombo maisha yangu yote, na hakuna mgeni hata mmoja aliyefika bila sisi." Alisema kwa utulivu sana. Redio ilikua inaimba pale pembeni, akaizima.

Kwa hiyo ukinisikia naongea kuhusu kuvumilia, naongea kutokea hapo. Wanaotutia moyo wanapenda kutupa habari za waliofika juu. Hans Meyer, yule Mjerumani, wanamtaja sana, alishindwa kufika kileleni 1887, mwaka 1888 hakufika hata mlimani, alitekwa njiani wakati wa vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani akajikomboa kwa fidia, akarudi tena akafika kileleni Oktoba 1889. Ni kweli na ni habari nzuri. Lakini kuna watu walibeba mahema na chakula chake kutoka pwani mpaka huku juu, na wengi wao majina yao hatuyajui. Kama kuvumilia ni kufika kileleni tu basi baba yangu hakuvumilia kitu, na mimi hilo silikubali.

Mwinjilisti wetu kwenye jumuiya alitufundisha habari ya Rebmann, nikaona nae ni mtu wa Besori. Johannes Rebmann ni mmisionari aliyeuona mlima huu Mei 1848 akaandika kwamba kuna theluji juu yake, na wataalamu wa jiografia London wakamkatalia, theluji itatoka wapi karibu na ikweta, wakasema ameona vibaya. Hilo tu lingemtosha mtu kurudi kwao. Hakurudi. Alikaa Rabai kule karibu na Mombasa karibu miaka 29, akafundisha, akaandika kamusi, walioamini walikua wachache sana, akaondoka 1875 akiwa karibu kipofu, mwaka uliofuata akafariki. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika huku kwetu Kilimanjaro na kuanza kazi mwaka 1893, yeye ameshalala miaka 17. Leo Jumapili asubuhi ukisimama Uru kengele unazisikia za pande zote mbili za bonde, za Walutheri na za Wakatoliki. Yeye hakusikia hata moja. Mimi naamini fungu lake ni sawasawa na la waliokuja baadae wakabatiza mamia.

Nikarudi mjini. Nilienda polisi mwenyewe, nikaandikisha, nikamfuata yule wa mahema sita ofisini kwake tukaandikishana kwamba ntalipa kwa mwezi. Wale wawili wengine walinielewa, mmoja akasema lipa unavyoweza. Na nikaanza kuuliza kama Daudi, kila asubuhi, Bwana nifuate au niache? Manake nilikua tayari kuacha, dada yangu Dar alishaniambia njoo tuuze nguo Kariakoo. Niliuliza kama wiki tatu. Sikusikia sauti yoyote, sitawadanganya. Kilichotokea ni kwamba muongozaji mmoja wa kampani ndogo alikuja nyumbani na mahema manne, nikamwambia kaka sina mashine nimeibiwa, akasema nimesikia, ila mkono si unao? Nikashona kwa mkono. Sindano nene, uzi wa nailoni nimeupitisha kwenye mshumaa uteleze, hema moja siku nzima na nusu.

Jumamosi ya pili yake wamama wa jumuiya wakaja. Hawakupiga hodi kwa mahubiri. Mmoja kaleta mkasi, mwingine uzi boksi zima, mwingine kapu la ndizi na mafuta ya kupikia, na mama mmoja mjane amekuja na mwanae wamebeba cherehani ya miguu imefunikwa kanga. Ilikua ya marehemu mama yake. Akasema imekaa chini ya kitanda miaka sita, ichukue mwanangu. Nilivyoifungua kwenye bobini bado kulikua na uzi mweupe alioacha yule bibi, sikuutoa, niliutumia mpaka ukaisha. Hapo ndo nikajua mimi nilikua upande gani wa kijito. Nilikua nimechoka nimebaki Besori na wengine walivuka kwa ajili yangu.

Yale mahema kumi na moja nilimaliza kuyalipa baada ya miezi kumi na minne.

Ile fremu ya kioo kwenye lami bado sijaipata na kwakweli siku hizi siiombi. Kuna sehemu nyingine kwenye Matendo 16 inanisaidia hapa. Paulo anataka kwenda Asia, Roho Mtakatifu anamkataza. Anajaribu Bithinia, anazuiwa tena. Ni Paulo huyo, kwenye kazi ya Mungu, njia mbili zinafungwa na Biblia haielezi hata kwanini. Anashuka mpaka Troa pwani, usiku anaota mtu wa Makedonia anamwita, anavuka, na kule Filipi mtu wa kwanza tunaeambiwa moyo wake ulifunguka ni Lidia, mama mfanyabiashara wa vitu vya zambarau. Mtu wa vitambaa! Nilivyoona hilo nilifurahi sana peke yangu. Paulo alikua na ramani yake, akapewa mama wa vitambaa kando ya mto, na kanisa la Filipi likaanzia nyumbani kwa huyo mama.

Mimi ramani yangu ilikua lami. Niko Pasua kwenye chumba cha uani, barabara ya vumbi, hakuna kibao, wateja wanaelekezwa kwa simu, ukifika kwenye mwembe kata kushoto. Tuko wanne. Sijui kama nilizuiwa na Mungu au ni mwizi tu, mwizi ni mwizi na simpi Mungu lawama ya mwizi. Ninachojua ni kwamba Februari 2024 hema la kwanza tulilolikata na kulishona wenyewe lilipanda kwa njia ya Machame. Siku sita sikulala vizuri. Liliporudi nililitandika hapa uani nikapiga magoti nikapitisha kidole kwenye kila mshono, kona zote nne, sakafu, mahali mikanda inaposhika. Kwenye kona moja uzi ulikua umelegea kama nyuzi tano hivi. Vingine vyote vilishika. Zipu ilikua imejaa vumbi, nikavuta, ikafunga mpaka mwisho. Nikapiga simu Uru nikamwambia baba limefika Barafu limerudi. Akaniuliza kulikua na upepo? Nikamwambia walisema ulikuepo, mkali. Akasema haya.

Sasa nirudi kwa binti. Aliponyamaza mwenyewe, macho yamevimba, aliinua kichwa akaona amelowesha lile hema akaanza kulifuta na kanga, ananiomba msamaha. Nikamwambia hilo limeshanyeshewa na mvua za Shira kule mlimani, machozi yako halitayasikia. Akaniuliza dada, nirisiti tena au niache? Moyo wangu ulitaka kusema risiti, usikate tamaa, maneno yalishafika mdomoni. Nikamwambia sijui mama, tuulize. Kwa hiyo tangu Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kuwasha pasi tunakaa wote wanne tunauliza, kwa jina lake na kwa jina la hiyo fizikia, na wakati tunauliza kuna kijana mmoja wa pale usharikani anasoma ualimu amekubali kumfundisha Jumamosi mchana bure, kwahiyo yale mabegi ya Jumamosi namalizia mimi. Daftari la mifupa limerudi kwenye meza ya pasi, nimeliona jana.

Naomba mtuombee na nyie. Na kama kuna mtu yeyote Moshi au Arusha ana vitabu vya fizikia vya form three na form four havitumii naomba anitumie ujumbe ntakuja kuvichukua mwenyewe. Niishie hapa, umeme umerudi sasa hivi na kuna mahema mawili yanatakiwa yawe yamefika Machame geti kesho saa mbili asubuhi.